Waliniita mzungu kwa sababu ya baiskeli

Mtoto wa kwanza alipiga kelele kabla hata sijamwona. "Mzungu! Mzungu, hawayu!" Niligeuka nyuma nikidhani kuna mtalii anatufuata. Barabara ilikuwa tupu. Tulikuwa wawili tu, mimi na rafiki yangu ambaye ni fundi wa baiskeli hapa Voi, weusi wote, tumeloa jasho, tunazipanda kona za Dembwa kwa gia ndogo kuliko zote. Kabla hatujafika kona iliyofuata, watoto wengine walikuwa wametoka nyumba ya pili na ya tatu, na kwaya ikakamilika.

Mimi nilicheka. Fundi hakucheka. "Hawajakosea sana," alisema huku akihema. "Lini waliona Mtaita akipanda huu mlima kwa baiskeli, hana mzigo, hana haraka, na hakuna aliyemtuma?"

Swali hilo halijaniacha tangu siku ile, na ndilo lililonifanya niandike. Kwa maoni yangu, sisi vijana wa Voi, pamoja na nyinyi wa Mombasa na Nairobi mnaopita hapa kwa SGR mkichungulia dirishani, tumeiacha milima ya Taita iwe ya waombolezaji na watafiti wa ng'ambo. Na kitu ambacho wenyewe hawakitembelei huisha kimyakimya. Dawa moja ninayoijua, ndogo na isiyohitaji tenda wala kongamano hotelini, ni baiskeli ya mlimani na siku moja nzima.

Wacha nieleze kabla hujanicheka.

Tunaishi getini

Karibu asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti ya Taita Taveta iko ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mtoto wa Voi analijua hilo hata kama hajawahi kulisoma popote. Geti la mbuga liko pale pale mjini, na magari ya watalii yanapita mbele ya duka la mamako kila siku. Lakini sisi wenyewe tunaingia mara ngapi? Kwa miguu hupiti. Kwa baiskeli hupiti, na ni sawa, simba hana mzaha. Lazima uwe na gari na pesa ya kiingilio. Kwa hivyo tumekua tukiuona utalii kama kitu kinachotupita vioo vikiwa vimefungwa.

Sasa geuka uangalie upande wa pili. Kusini kuna Sagalla, karibu hata ungedhani utaugusa. Kaskazini-magharibi kuna Mbololo. Nyuma ya Mwatate ndiko iliko milima ya Dawida yenyewe, na kilele chake, Vuria, kinapita mita 2,200. Barabara za vijijini kule juu hazina geti. Wengi wetu tuna nyanya kule, au kaburi la babu, au shamba ambalo mjomba analilima na sisi hatujui hata mpaka wake uko wapi. Tunapanda Krismasi na wakati wa mazishi, tena kwa matatu, tumebanwa wanne kiti cha watatu, macho kwenye simu. Tukishuka Wundanyi tunasema kuna baridi, tunakula, tunarudi Voi.

Hiyo si kuijua milima. Hiyo ni kupelekwa na kurudishwa.

Siku yenyewe

Baiskeli yangu ni ya mitumba. Niliinunua Mombasa kwa Sh14,000, gia za nyuma saba, za mbele tatu, na moja ya mbele haishiki mpaka uibembeleze. Ya fundi aliiunda mwenyewe kwa vipuri vya baiskeli nne. Nasema hivi kwa sababu najua kuna msomaji tayari anasema mambo haya ni ya watu wenye pesa. Si kweli. Kuna simu mfukoni mwa watu wengi mtaani ambazo ni ghali kuliko baiskeli zetu zote mbili.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, baada ya mahamri na mbaazi kibandani. Si mapema zaidi, maana barabara ya Voi kwenda Mwatate ina ndovu wanaovuka usiku na alfajiri, na ndovu haulizi una haraka gani. Kipande hicho ni kama kilomita 25, lami nzuri, tambarare ya kudanganya. Kabla ya Mwatate nilikuwa nimeshatolewa pancha na mwiba wa mgunga. Fundi aliziba tyubu kwa dakika kumi, akanipa somo la bure: kwenye nyika, usipite kando ya lami ukidhani unajikinga na malori, miba yote iko huko.

Mwatate ndiko safari inapoanza kwa kweli. Unaliacha shamba la mkonge nyuma, safu baada ya safu mpaka macho yachoke, halafu barabara inainuka. Voi iko karibu mita 600 juu ya bahari. Wundanyi iko takriban mita 1,400. Kati ya Mwatate na Wundanyi ni kilomita 15 hivi, na kwa matatu ni usingizi mfupi tu. Kwa baiskeli nilitumia saa mbili na dakika kadhaa ambazo sitazitaja.

Lakini hizo saa mbili zilinifunza kitu. Matatu inakupeleka kutoka joto hadi baridi ghafla, kama kufungua friji. Baiskeli inakupitisha katikati. Kwanza migunga na vumbi. Halafu kona moja tu, na upepo unakuwa na unyevu. Halafu migomba, mahindi kwenye matuta, maparachichi, makadamia, mfereji mdogo wa maji kando ya barabara ukiteremka wakati wewe unapanda. Nilisimama kuuangalia ule mfereji. Huko Voi tunanunua maji kwa mtungi, na hapa yanapita yakiimba.

Wundanyi tulikunywa chai na kula kimanga, kile chakula cha kupondwa ambacho nyanya hupika na sisi wa mjini huona aibu kukiagiza. Wacha niseme wazi: hakuna kitu kinachopandisha mlima kama kimanga. Kutoka hapo tukapita Wesu, lami ikaisha, tukashika njia ya vumbi jekundu yenye mawe kuelekea msitu wa Ngangao. Ni kilomita kumi hivi, na ndizo nilizozifurahia kuliko zote. Magurudumu mapana yanashika ardhi, unapita kati ya nyua za watu, kuku wanakimbia, mama anapalilia anakuuliza mnaenda wapi, na unamjibu bila kupaza sauti kwa sababu uko naye usawa mmoja.

Karibu na msitu tuliomba kuacha baiskeli kwa mzee mmoja. Alitusalimu kwa Kidawida. Mimi nikamjibu kwa Kiswahili, na nikaona anavyonitazama. "Nyinyi ni watoto wa nani?" akauliza, sasa kwa Kiswahili. Nikamtajia babu yangu na kijiji chake. Akamjua. Akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Na mimi nilidhani ni wanafunzi wa wale Wafini!"

Hakuwa anatania. Chuo Kikuu cha Helsinki cha Ufini kina kituo chake cha utafiti hapo Wundanyi. Wageni hao wamekuja miaka na miaka, wamehesabu miti, wamepima mvua, wamepiga picha kutoka angani. Siwalaumu hata kidogo, kazi yao ni nzuri na nitaitumia sasa hivi. Lakini ona jinsi mambo yalivyo. Mjukuu wa kijiji cha jirani akionekana msituni, dhana ya kwanza ya mzee ni kwamba ametumwa na Ulaya.

Si kila kijani ni msitu

Ukiwa Voi unaona milima ni kijani, unasema msitu upo. Mimi pia nilisema hivyo maisha yangu yote. Siku ile fundi alinionyesha kwa kidole tukiwa bado barabarani. Upande huu, miti imesimama mistari mistari kama gwaride, chini hakuna kitu ila majani makavu. Hiyo ni misonobari na mikaratusi, iliyopandwa kwa mbao na kuni. Upande ule, miti ya kila umri, mingine minene hata sisi wawili hatungeikumbatia, mizabibu ya mwituni inaning'inia, kuvu, ukungu, giza la saa saba mchana. Huo ndio msitu wenyewe.

Watafiti wa Helsinki walilinganisha picha za angani za mwaka wa 1955 na za 2004. Walikuta kwamba katika miaka hiyo karibu nusu ya msitu wa asili wa milima hii ilitoweka. Hata hivyo, ukihesabu miti yote pamoja, eneo la kijani lilipungua kidogo sana, kwa sababu miti ya kupandwa ilijaza pengo. Yaani mtu wa Voi anayetazama kwa mbali hangegundua kitu. Nusu ya msitu ilienda na sisi tukaendelea kusema milima yetu ni mizuri.

Uliobaki ni viraka. Ngangao ina karibu hekta 120. Ukiijumlisha na Mbololo na Chawia, ambavyo ndivyo viraka vikubwa vingine, hufiki hata nusu ya Karura ya Nairobi, ambayo ina zaidi ya hekta 1,000. Ndani ya viraka hivyo kuna viumbe wasiopatikana penginepo duniani. Kuna ndege mdogo mwenye weusi kooni ambaye wataalamu humwita Apalis fuscigularis, na yuko kwenye orodha ya walio katika hatari kubwa zaidi ya kuangamia. Mbololo ina ua la zambarau la aina yake, na Sagalla ina kiumbe kama nyungunyungu, asiye na miguu, jamaa ya vyura, ambaye anaishi mlima huo tu. Mtu wa Voi anaweza kukutajia majina ya wachezaji wote wa Arsenal na asijue hata mmoja wa majirani hawa.

Na kama viumbe havikugusi, maji je? Mto Voi unaanzia kwenye milima hii. Misitu ya juu hunasa ukungu unaoletwa na upepo kutoka Bahari ya Hindi, maji yanadondoka, yanaingia ardhini, yanatoka chemchemi. Mto ukishapita mji wetu unaingia Tsavo Mashariki mpaka bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka wa 1952, pale watalii wanapopiga picha za ndovu wakinywa. Miezi mingi ya mwaka mto huo ukipita Voi ni mchanga mtupu. Yule ndovu wa kwenye kalenda na mimi mwenye mtungi tunategemea ukungu mmoja. Ila ndovu ana mbuga mbili na walinzi, na ukungu una hekta chache zilizotawanyika ambazo hatujui hata majina yake.

"Lakini baiskeli itasaidia nini?"

Swali zuri. Wengine wataniambia msitu unaokolewa na sheria, si na wasee wawili wenye helmeti. Wengine wataniambia kinyume chake, kwamba nikileta watu watauchafua na magurudumu yatachimba njia mpaka mvua ianze kubomoa.

Wa kwanza ninawakumbusha Karura. Msitu ule uliwahi kugawiwa watu wenye majina makubwa, na mwaka wa 1999 Wangari Maathai alipigwa hapo akiupinga ugawaji huo. Baadaye bado watu waliogopa kuingia, wakisema ni pango la majambazi. Leo vijana wa Nairobi wanaendesha baiskeli ndani ya Karura kila wikendi. Jaribu leo kukata kipande cha Karura uone kelele zitakazopigwa kabla ya saa sita mchana. Sheria ilikuwepo tangu zamani. Kilichoongezeka ni watu wanaoujua ule msitu kwa miguu yao na kwa magurudumu yao. Sasa niambie, kipande cha Chawia kikikatwa kesho, ni kijana gani wa Voi atajua?

Wa pili wana haki, na ninakubaliana nao. Sisemi tupasue njia mpya ndani ya msitu wa asili. Msitu wa hekta 120 hauwezi kubeba hilo. Ninasema hivi: baiskeli zitumie barabara za vijijini na njia za ndani ya misonobari, ambazo zipo tayari na zilizoea trekta na magogo. Ukifika kwenye msitu wenyewe, unashuka. Unaegemeza baiskeli, unaingia kwa miguu na mwenyeji, unalipa kinachotakiwa, unatoka. Ndivyo tulivyofanya sisi, na saa moja ya kutembea ndani ilitosha kunifanya ninyamaze, jambo ambalo rafiki zangu watakuambia si la kawaida.

Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu vyama vya jamii kushirikiana na Huduma ya Misitu ya Kenya na kufaidika, pamoja na kupitia utalii. Basi vijana tuingie kwenye vyama hivyo, tusiwaachie wazee peke yao. Kaunti nayo isitujengee uwanja wa mamilioni. Itupe vitu vitatu tu: vibao vya njia kutoka Mwatate hadi Ngangao na Mbololo, ramani moja inayoeleweka, na mafunzo kwa vijana wa vijijini wawe waelekezi. Baiskeli za kukodisha zinaweza kuwa za vikundi vya vijana hapo Voi na Wundanyi. Mafundi tunao. Wamejaa kando ya barabara wakiziba pancha za bodaboda.

Tusidanganyane kwamba vilima havina soko. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Rwanda haikuwa na bahari ya kuuza. Iliuza milima, ileile ambayo mtu angeiona ni taabu ya kupanda. Sisi tunayo, na hapo chini kuna reli, barabara kuu ya Mombasa na watalii ambao tayari wamelala Voi usiku mmoja na hawajui kama kuna kitu kingine cha kuona zaidi ya ndovu.

Lakini nisikudanganye kwamba ni biashara tu inayonisukuma. Hata kama hakuna mtalii mmoja atakayekuja, bado ningetaka twende. Nilikuwa na umri wa miaka 26 nilipougusa kwa mara ya kwanza mti wa msitu unaoonekana kutoka kwa kitanda changu.

Kurudi

Saa tisa alasiri tuliteremka. Hapa nikiri kosa langu: sikubadilisha raba za breki kabla ya safari. Kwenye mteremko wa chini ya Wundanyi breki ya nyuma ilianza kunuka, kisha ikawa inapiga kelele tu bila kufanya kazi. Nilishuka kona tatu nikikokota mguu kama mtoto kwenye ubao wa magurudumu. Ukienda, angalia breki kwanza, halafu gia. Beba tyubu mbili, pampu, maji ya kutosha, na usipande peke yako.

Dembwa wale watoto walikuwa bado wapo. Safari hii tulisimama, kwa sababu fundi alitaka kuziangalia breki zangu. Walitukaribia polepole, wakagundua tunaongea Kiswahili cha Voi kama binamu zao, na umzungu ukaisha hapo hapo. Yule aliyeanza kelele asubuhi, wa darasa la nne hivi, alishika usukani wangu kwa vidole viwili.

"Mmetoka wapi?"

"Ngangao. Msituni."

"Kule juu? Kuna nini?"

"Kwani hujaenda?"

Akatikisa kichwa. Hata yeye, anayekaa mlimani, hajaenda. Nilianza kumweleza kuhusu ndege, nikaona sielezi vizuri, nikamwambia apande baiskeli. Miguu yake ilifikia pedeli kwa shida. Fundi akamshika kiti kwa nyuma wakazunguka uwanjani mara tatu, wenzake wakikimbia nyuma yao wakipanga foleni ya nani anafuata.

Tulichelewa hapo karibu nusu saa, na jua likawa limeinama. Mwatate tuliona hekima kuliko sifa, tukapandisha baiskeli juu ya matatu, maana saa za ndovu zilikuwa zinakaribia. Kwa hivyo usiseme nimejigamba: tulikanyaga pedeli kama kilomita 75, zilizobaki tulilipia nauli.

Tunarudi Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao. Nimenunua raba mpya za breki. Fundi anaunda baiskeli ya tatu, fupi, ya kiti cha chini. Tumeshakubaliana tutaishusha Dembwa.